Shimo la Tatu Kutoka Kisimani

Inspekta Geng alikuwa amelala kifudifudi katika bustani ya watu, kichwa chake kikiwa ndani ya shimo, wakati Katibu Bao wa Kamati ya Tamasha la Maua alipomuuliza kwa mara ya tatu asubuhi ile kama amemaliza.

"Bado," sauti ilijibu kutoka shimoni.

"Lakini mwizi tunaye! Umemfungia kituoni kwako tangu jana. Shimo la nini tena?"

"Shimo halijaambiwa kwamba mwizi amepatikana, Katibu. Acha nalo nilihoji."

Bao alisonya. Alikuwa amevaa viatu vyeupe vipya kwa ajili ya tamasha, na tangu afike alikuwa akikanyaga kwa kuchagua, mguu huku mguu kule, kama kuku aliyeingia jikoni. Ilikuwa siku ya tatu baada ya Mvua ya Nafaka, kipindi cha mvua za kupandia katika kalenda ya wakulima, siku ambazo kijiji kizima cha Houtian huchanua kwa pamoja. Kila uzio ulikuwa umefurika maua ya mudan, ya rangi ya waridi na nyekundu na njano, mapana kama sahani. Wageni kutoka makao makuu ya jimbo wangefika mjini saa sita mchana. Katikati ya uwanja wa mjini palikuwa na chungu kikubwa cha vigae vya kung'aa, kimewekwa wiki nzima, na mpaka saa hiyo kilikuwa kitupu.

Aliyepaswa kukaa ndani ya chungu hicho alijulikana. Amri ya Kamati ilisema wazi, na Geng alikuwa nayo mfukoni, ina muhuri mwekundu: "Shina moja la mudan, aina ya Wino wa Hakimu, la tatu kutoka kisimani, bustani ya Diao Guizhen, lihamishwe." Lilikuwa shina la miaka tisini. Ua lake lilikuwa jeusi kama wino uliosagwa usiku, na katikati ya kila petali ulipita mstari mmoja wa kijani. Watu wazima walisema jimbo zima halina la pili. Jana asubuhi Bao alikuja na wafanyakazi wanne na sepetu nne, akahesabu kutoka kisimani, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu akakuta shimo.

Geng alitoa kichwa, akajipangusa paji la uso na kufungua daftari. Aliandika kina cha shimo na upana wake. Aliandika kwamba kuta zake zilikuwa laini pande zote nne. Chini ya hapo akaandika: "Mizizi iliyokatwa, hakuna. Harufu, hakuna." Alikodolea macho maneno hayo kwa muda. Shina la umri ule lina mizizi minene kama mpini wa jembe, inayoteremka mpaka kimo cha mtu, na ganda lake lina harufu kali ya dawa ambayo haikutoki mikononi siku mbili. Yeye aliijua harufu hiyo tangu utotoni, kwa kuwa babu yake alikuwa fundi wa kupasua mizizi ya mudan na kuunganisha vikonyo, fundi wa kusifika hapo hapo Houtian. Akaligeuza daftari Bao asilione.

"Una picha ya shina lenyewe?" aliuliza.

Bao alitoa picha kwa fahari. Ilipigwa mwaka jana. Ilionyesha ua moja jeusi, na pembeni yake uso wa Bao ukitabasamu, ukiwa umejaza nusu ya karatasi.

"Ua linaonekana vizuri sana," alisema Bao.

"Na wewe unaonekana vizuri. Shina silioni."

"Usinichezee, Inspekta. Saa sita kamili gari la mjini linakuja kumchukua yule Dexi. Mkuu wako ameshakubali. Akifika mjini ataeleza alikolipeleka, apende asipende."

Geng alitazama saa yake. Ilikuwa saa mbili na nusu. Alijua kuna watu waliopelekwa mjini "kueleza" wakarudi hawana tena la kueleza, na hilo lilimkera kuliko tope lililoingia ndani ya shati lake.

"Basi nina saa tatu na nusu," alisema. "Mfanyakazi mmoja abaki hapa. Nyie wengine tokeni kwenye ushahidi wangu."

*

Mama Diao alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lake, akivunjavunja mashudu ya soya kwa nyundo. Alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, mgongo umenyooka kama mtu aliyemeza fimbo. Kwenye ncha ya kila kiatu chake palikuwa pameshonwa kitambaa cheupe cha msiba. Mumewe alikuwa amefariki mwezi wa kumi na mbili.

Ndiyo maana bustani yake peke yake, katika kijiji kizima, ilikuwa ya kijani kitupu. Ilikuwa na mistari mirefu ya mashina yaliyofika kifuani, majani yamenona, na hakuna hata ua moja. Alikuwa amevivunja vitumba vyote kabla havijafunguka, na majirani walimwelewa bila kuuliza. Nyumba yenye msiba haivai rangi. Hata karatasi nyekundu za mwaka mpya hakuzibandika mlangoni.

"Hujambo, Mama Mkubwa," alisema Geng.

"Sijambo, mjukuu wa Geng mpasua mizizi. Babu yako alikuwa akichimba mashimo kwa ustadi. Wewe naona unayaingia kwa kichwa."

"Kazi ni kazi."

"Kaa unywe chai. Na yule bwana wa viatu vya bi harusi, naye nimkaribishe au ataogopa kuchafuka?"

Bao, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifanya hakusikia. Mama Diao alimimina maji ya moto katika vikombe. Chai ilikuwa nyepesi, ya manjano, ikiwa na uchungu kidogo wa mwisho. Geng aliinywa na kufungua daftari.

"Usiku wa kuamkia jana ulisikia chochote?"

"Nilisikia vyura."

"Ulimwona mwizi?"

"Mwizi sijamwona."

"Mpwa wako Dexi..."

"Dexi hajaiba." Nyundo ilitua juu ya mashudu kwa kishindo. "Nilimwambia Katibu, nikamwambia askari wako, na sasa nakwambia wewe. Hiyo mara ya tatu. Mkitaka ya nne nitapanda juu ya paa."

"Basi shina liko wapi?"

"Muulize aliyelipoteza."

"Sisi ndio tuliolipoteza!" Bao alidakia. "Ni mali ya tamasha! Amri ilishatoka!"

Mama Diao alimgeukia polepole. "Mmepoteza kitu ambacho hamkukipanda, hamkukipalilia, wala hamkukilisha? Ama kweli mna vipaji. Bwana Katibu, mudan hahamishwi majira haya. Ampandaye wakati miti inachipua atazeeka bila kuona ua. Mtoto wa hapa hujua hilo kabla hajajua kujifunga suruali. Nilikwambia njoo mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ningekuchimbia kwa mikono yangu."

"Tamasha halifanyiki mwezi wa tisa. Amri ni amri."

"Mizizi haijui kusoma."

Geng alikaribia kucheka, akajificha nyuma ya kikombe.

"Wenzako walishawahi kuja," aliendelea mwanamke yule, sasa macho yake yakiwa kwa Geng. "Mwaka wa nafaka. Kila ua ling'olewe, ipandwe ngano, na atakayebaki na hata moja ni adui wa watu. Baba mkwe wangu akawaambia sawa. Wakaja kukagua, wakaona viazi vitamu toka kisimani mpaka ukutani, wakampa na cheti. Na mudan wakaendelea kuwapo."

"Aliwahamishia wapi mudan hao?"

"Mmh," alisema Mama Diao. "Maliza chai yako."

Geng aliimaliza. Chini ya kikombe palikuwa na kitumba kimoja cha ua kilichokaushwa, kizima, kikiwa kimevimba kwa maji ya moto.

"Chai ya vitumba," alieleza yule mama. "Mwaka huu ninavyo vingi."

*

Kituo cha Houtian kina chumba kimoja cha mahabusu, na siku nyingine chumba hicho huwekwa baiskeli. Pang Dexi alikuwa ameketi juu ya gurudumu, akila mkate wa mvuke na kitunguu saumu. Alikuwa mchuuzi wa maua mwenye miaka arobaini na mdomo usio na breki. Wiki moja kabla, katika mgahawa wa supu ya kondoo, mbele ya watu ishirini, alisema angeling'oa shina la shangazi yake kwa meno kabla Bao hajaligusa. Asubuhi ya shimo, guta lake la injini lilikutwa na kamba za katani na udongo mbichi. Bao hakuhitaji zaidi.

"Kaka Geng, huu mkate wenu mgumu. Hamna supu?"

"Udongo kwenye guta umetoka wapi?"

"Makaburini. Nilipeleka miche miwili ya msonobari kwa marehemu mjomba. Nenda ukaione, bado haijanyooka."

"Nimeshakwenda," alisema Geng. Alikuwa amekwenda saa kumi na mbili asubuhi. Miche ilikuwapo, na udongo wake ulikuwa mchanga wa manjano, sawa na ule wa gutani. Udongo wa bustani ya Mama Diao ulikuwa mweusi na wenye mafuta, kwa kuwa umelishwa mashudu miaka tisini. "Nimemwambia Katibu. Anasema uliosha guta ukapaka udongo mwingine."

"Katibu Bao akili zake zote amezivaa miguuni."

"Dexi, nisikilize. Saa sita wanakuja kukuchukua. Ulilichimba?"

Mtu yule aliacha kutafuna. Alionekana kukasirika, si kwa kuitwa mwizi, bali kwa jambo zito zaidi.

"Mimi? Nichimbe mudan sasa hivi, majani yametoka, utomvu uko juu? Nilichimbe ili life njiani? Kaka Geng, niite mwizi, nitavumilia. Niite mlevi, ni kweli. Lakini usinifanye mjinga mbele za watu. Hata nikiwa nimelewa mpaka sijui jina la mke wangu, siwezi kuchimba mudan kabla ya mwezi wa tisa."

"Basi alichimba mgeni. Mtu asiyejua."

"Asiyejua angelijuaje?" alisema Dexi. "Shangazi amevunja vitumba vyote. Bila maua, nani awezaye kutofautisha Wino wa Hakimu na jirani yake? Wewe labda. Mimi. Watu saba wanane humu kijijini. Na hao wote hawachimbi majira haya."

Geng aliandika mistari miwili. Anayelijua hachimbi. Anayechimba halijui. Kati ya hao wawili hapakuwa na nafasi ya mwizi hata mmoja.

Alirudisha kurasa za daftari nyuma. Mwizi sijamwona. Dexi hajaiba. Muulize aliyelipoteza. Mama Diao alikuwa amehojiwa mara tatu na watu watatu, na katika majibu yake yote hapakuwa na neno "limeibiwa." Neno hilo alilileta Bao.

"Kula mkate wako," Geng alimwambia Dexi. "Supu utakunywa nyumbani."

*

Ilikuwa saa nne na nusu aliporudi bustanini. Alimtuma yule mfanyakazi aliyebaki akanunue sigara, akaanza kupima upya, safari hii bustani nzima badala ya shimo.

Kutoka kisimani mpaka shina la kwanza zilikuwa hatua tatu. Kutoka la kwanza mpaka la pili, hatua tatu. Kutoka la pili mpaka shimoni, hatua moja na nusu. Kutoka shimoni mpaka shina lililofuata, hatua moja na nusu. Baada ya hapo, hatua tatu, tatu, tatu, mpaka ukutani. Mzee aliyepanda bustani ile alikuwa mtu wa vipimo, na asingebananisha shina moja tu kati ya mawili, tena lile alilolipenda kuliko yote. Shimo lilichimbwa mahali ambapo hapajawahi kuwa na kitu.

Aliyapitia mashina yote akiyatambua kwa majani, kwa kadiri babu alivyomfundisha, maana hakuna lililokuwa na kibao cha jina. Mashina sita yalikuwa ya maua meupe, nayo pia yamevunjwa vitumba, kila kijiti kikiwa na kidonda kidogo kilichokauka. Geng alichuchumaa mbele ya shina moja lililoitwa Theluji ya Kwanza. Msiba haupendi rangi, sawa. Lakini nyeupe ndiyo rangi yenyewe ya msiba. Mjane wa Houtian angeyaacha meupe yafunguke, angeyakata na kuyapeleka kaburini. Aliyevunja na meupe hakuwa anaomboleza. Alikuwa anataka mashina yote yawe na sura moja.

Ndipo harufu ikamfikia.

Ilikuwa harufu ya mashudu yaliyovundikwa, nzito kiasi cha kumtoa mtu machozi. Ilitoka kwenye shina moja tu. Kulizunguka palikuwa pamechimbwa kijifereji, kikajazwa mashudu mapya na kufunikwa na udongo mwembamba. Vikonyo vya majani yake vilikuwa na weusi wa zambarau. Lilikuwa hatua moja na nusu tu baada ya shimo.

Geng alihesabu mashina yote mara mbili, akaandika hesabu, akafunga daftari na kwenda jikoni.

Mama Diao alikuwa amebadilisha nguo. Alivaa koti lake la buluu la kutokea, na magotini aliweka kifurushi kidogo cha kitambaa.

"Umekawia," alisema. "Babu yako angelijua kwa pua tangu langoni."

"Pua yangu ilikuwa shimoni, Mama Mkubwa. Kwa nini ulililisha? Mashina yote hayana kitu, lile moja tu limejazwa mashudu. Ungeliacha kama wenzake nisingekuwa na hakika."

Kwa mara ya kwanza yule mama alitazama chini. "Nililinyang'anya maua yake," alisema. "Niliache na njaa pia?"

Geng alilirudisha daftari mfukoni.

"Niandike," alisema Mama Diao, na sauti yake ikapanda. "Fungua hilo daftari lako uniandike vizuri. Niliyavunja kwa mkono huu. Mume wangu alikuwa akilisubiri lile ua mwaka mzima kwa ajili ya siku kumi za kuchanua, na mwaka huu hayupo, nami nilitaka kuliona kwa niaba yake. Nikavunja moja moja. Nililia kama mtoto mchanga, liandike hilo nalo. Halafu nikachimba shimo, nikalihamisha shimo langu badala ya shina langu. Sikumwambia mtu kwamba limeibiwa. Waliona shimo wakaanza kupiga kelele wenyewe."

"Na Dexi?"

"Sikujua watamkamata. Hilo ni kosa langu na sitalikana." Aliinua kifurushi. "Wageni wakishakunywa chai yao wakaondoka, ningekuja kituoni. Nina kanzu ya kubadilisha na mswaki. Lakini saa zimekwenda, basi twende sasa, umtoe mpwa wangu unitie mimi. Ila hutanisikia nikilionyesha. Wala Bao, wala mkuu wako, wala mkuu wa mkuu wako. Life mimi nikiwa hai? Hapana. Hilo nimelikataa."

Geng alitoa mfukoni ile amri yenye muhuri na kuisoma tena, neno kwa neno, midomo ikicheza. Kisha aliikunja.

"Kaa, Mama Mkubwa," alisema. "Sijamaliza kazi."

*

Katibu Bao alirudi saa sita kasorobo na lori, wafanyakazi wanne, na uso uliokwisha kuiva. Gari la mjini lilikuwa nyuma yake, dereva akipiga honi. Nje ya uzio majirani walikuwa wameanza kujikusanya, mikono nyuma, shingo mbele, kama watu wa Houtian wafanyavyo panaponukia ugomvi.

"Haya! Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi," alisema Geng. "Nimemwachia Pang Dexi robo saa iliyopita. Hakuna kilichoibiwa."

"Hakuna ki... Na shimo?"

"Shimo ni shimo. Mtu kuchimba shimo bustanini kwake si kosa. Una orodha yenu ya mashina ya bustani hii?"

Bao aliichomoa mfukoni.

"Mangapi?"

"Arobaini."

"Wafanyakazi wako wahesabu."

Walihesabu. Wawili walianza kisimani, wawili ukutani, na walipokutana walitazamana. Mmoja wao, mzee wa kijiji jirani, aliinamisha uso ili Bao asimwone anavyocheka. "Arobaini, Katibu," alisema. "Kamili."

Nje ya uzio mtu alipiga mluzi.

"Basi limo!" Bao alipiga kelele. "Limo humu humu! Vizuri! Lionyeshe, tulichimbe!"

"Amri inasema la tatu kutoka kisimani," alisema Geng, akiifungua karatasi mbele ya macho yake. "La tatu kutoka kisimani ni shimo. Lichimbe."

"Nakuuliza Wino wa Hakimu ni lipi!"

"Mimi ni mpelelezi wa wizi. Maua ni kazi ya Kamati yako."

"Wewe mama! Ni lipi?"

Mama Diao alikuwa amesimama mlangoni, kifurushi mkononi. "Una picha yake, Bwana Katibu," alisema kwa upole. "Mliopigwa picha pamoja mnasahauliana?"

Uzio mzima uliangua kicheko. Bao aliwaka mpaka shingoni.

"Chimbeni yote! Yote arobaini! Tutalijua mjini!"

Wafanyakazi hawakusogea. Geng alipiga hatua moja, akasimama kati ya sepetu na mstari wa kwanza wa mashina. Hakupandisha sauti.

"Amri yako inataja shina moja, Katibu. Ukigusa la pili, hapo ndipo wizi utakapoanza, na bahati nzuri mpelelezi yupo hapa hapa. Mahabusu yangu ina nafasi, nimeifagia sasa hivi. Mkate ni mgumu, lakini upo."

"Nitakushtaki kwa mkuu wako. Utaishia kuongoza baiskeli!"

"Jina langu ni Geng, liandike vizuri. Usilikosee."

Saa sita ilikuwa imefika. Bao aliitazama saa yake, akalitazama lori, na badala ya kuondoka akajitosa katikati ya mashina. Alikuwa mpumbavu, lakini alikuwa mpumbavu mwenye bidii. Alifunua majani kwa mikono miwili, shina la kwanza, shina la pili, akitafuta kitumba kimoja kilichosahaulika kinachoonyesha rangi. Alilizunguka shimo. Geng aliandamana naye hatua kwa hatua, kana kwamba analinda ushahidi.

Kwenye shina lililofuata kiatu cheupe kilizama mpaka fundoni ndani ya mashudu yaliyovunda.

"Mama yangu!" Bao aliruka nyuma, akainua mguu na kushika pua.

Na hapo, huku Bao akipepesuka kwa mguu mmoja, Geng alikiona. Kilikuwa chini kabisa, karibu na ardhi, chini ya jani pana. Mikono ya kizee haikukifikia au macho hayakukiona. Kitumba kimoja, kikubwa kama tunda la aprikoti. Kilikuwa kimeanza kupasuka, na katika mpasuko ule palionekana weusi, na ndani ya weusi uzi wa kijani.

Geng alipokuwa na miaka sita alivunja kitumba cha babu yake kwa mchezo. Alichapwa vidole mpaka vikavimba, na babu akamwambia mwaka mzima wa mtu umo ndani ya hicho. Tangu siku hiyo hakuwahi kugusa kingine.

Alichuchumaa kufunga kamba ya kiatu. Aliposimama, mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, na kijiti kilichobaki chini ya jani kilikuwa na kidonda kibichi.

Bao alirudi, pua ameiziba, akafunua majani ya shina lile juu, katikati na chini. Hakuona kitu. Akasonga mbele.

Alifika mpaka ukutani. Kisha alipita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, kiatu kimoja cheupe na kimoja cha rangi nyingine, na lori likaondoka na sepetu zake nne. Nje ya uzio mtu alianza kumwita Dexi kwa nguvu, aje asimuliwe.

Mama Diao alikuwa bado mlangoni. Geng alimwendea, akatoa mkono mfukoni na kuufungua. Kitumba kilikuwa kimelala kiganjani, kimechubuka kidogo, na wino wake umemtia doa kidoleni.

"Nilikiacha," alinong'ona yule mama. "Nilidhani nimevimaliza, kumbe nilikiacha." Alikishika kwa ncha za vidole. Machozi yalimtoka wazi na hakuyapangusa. "Wiki moja tu kingekuwa ua."

"Nisamehe, Mama Mkubwa."

"Nikusamehe nini?" Alikitia kitumba katika kikombe, akamimina maji ya moto, akampa. Ndani ya maji petali zilianza kuachana moja moja, nyeusi, zenye mstari, na wote wawili waliinama kulitazama ua lile mpaka lilipofunguka lote. "Miaka tisini hakuna aliyelivunja lile ila mtu wa nyumba hii. Babu yako mwenyewe hakuthubutu."

Geng alikunywa. Uchungu wa mwisho ulikuwa palepale.

"Basi ukishamaliza," alisema Mama Diao, akijifuta uso kwa mkono wa koti lake la kutokea, "vua hiyo kofia ya serikali. Jembe liko nyuma ya mlango. Nina shimo la kufukia."